Binti Huyu Anahitaji Sare, Si Kadi ya Kiapo



Jumapili nilitangaza madhabahuni kwamba likizo hii ndefu ya Desemba kanisa letu halitakuwa na ile sherehe ya vijana kutia sahihi kadi za kiapo cha usafi. Pesa zilizotengewa fulana, hema, upishi na mhubiri mgeni zitanunua sare za shule na sodo, na kulipa masalio ya karo. Tangu hapo nimepokea ujumbe mwingi. Wengine mmeuliza kwa upole. Wengine mmesema mchungaji amepoa. Mmoja ameandika katika kikundi cha WhatsApp kwamba kanisa sasa limegeuka shirika la misaada.

Najibu hapa hadharani, kwa sababu jambo lenyewe ni la hadhara. Soma mpaka mwisho. Ukitaka kunipinga baada ya hapo, nipinge, lakini uje na hoja.

Kwanza tuelewane. Sijabadilisha mahubiri. Neno la Mungu kuhusu usafi wa mwili liko palepale, na nitalihubiri mpaka Bwana aniite. Uasherati ni dhambi kwa binti, ni dhambi kwa kijana, na ni dhambi kwa baba mwenye mvi. Ninachokataa ni kitu kingine: kuchukua tukio la siku moja, lenye kelele nyingi na picha nzuri, tukaliita mpango wa kuzuia mimba za utotoni, halafu tusiulize kama linazuia mimba hata moja.

Bwana wetu alitufundisha kuutambua mti kwa tunda lake. Hatuutambui kwa wingi wa majani, wala kwa idadi ya watu waliopiga picha chini yake. Basi twendeni kwenye matunda.

1. KIAPO KIMEZAA NINI?

Kadi hizi hatukuzipata katika Matendo ya Mitume. Zilitoka Marekani, ambako mwaka 1993 Wabaptisti wa Kusini walianzisha harakati ya vijana kutia sahihi ahadi ya kungoja mpaka ndoa. Zikavuka bahari, zikatufikia na pete zake na fulana zake. Nia ya walioanzisha ilikuwa njema. Sina neno baya juu ya nia.

Lakini wako watu waliofuatilia. Mwaka 2009 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Janet Rosenbaum. Mama huyu alifanya jambo la haki kabisa. Hakuchukua vijana walioapa akawalinganisha na vijana wasiojali lolote. Aliwalinganisha na wenzao waliofanana nao katika dini, katika familia na katika mtazamo, tofauti ikiwa tu kwamba hao wengine hawakuapa. Miaka mitano baada ya kiapo, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika kufanya ngono kabla ya ndoa. Asilimia 82 ya walioapa walisema hawakuwahi kuapa. Na walioapa, walipoanguka, walijikinga kidogo kuliko wenzao.

Asilimia 82, mpendwa. Petro alimkana Bwana mara tatu usiku mmoja, jogoo akawika, akakumbuka, akalia. Hawa hata jogoo hawakumsikia. Kiapo kilikuwa kimetoka kichwani.

Kwa nini? Kwa sababu kiapo kinamtwika mtoto wa miaka 14 mzigo wote, kisha sisi wakubwa tunarudi nyumbani tumetulia. Kesho yake njaa iko palepale. Karo haijalipwa. Yule anayempa lifti na chipsi bado anamngoja njia panda. Kadi iko ndani ya Biblia, Biblia iko kabatini, na binti yuko barabarani peke yake.

Tena msidhani ni kanisa peke yake linalofanya mambo ya kupendeza macho. Huko Perth, Australia, shule 57 ziliingizwa katika utafiti. Katika baadhi yake wasichana wa miaka 13 hadi 15 walipewa wanasesere wa kielektroniki wanaolia usiku kama watoto wachanga, wanaotaka kulishwa na kubembelezwa, ili waonje uchungu wa kulea mapema. Kila mtu aliona ni wazo zuri. Jarida la Lancet lilitoa matokeo mwaka 2016. Kati ya wasichana waliopewa wanasesere, asilimia 17 walipata mimba kabla ya kufika miaka 20. Kati ya wale ambao hawakupewa, ni asilimia 11. Mpango ulioanzishwa kuzuia mimba, waliopitia ndani yake wakapata mimba zaidi ya wenzao!

Ndiyo maana nasema nia njema haitoshi. Dawa hupimwa kwa mgonjwa aliyepona. Uzuri wa chupa haumponyi mtu.

2. SARE ILIZAA NINI?

Sasa turudi nyumbani. Hii si habari ya Wazungu na watoto wa Wazungu. Hii ni habari ya magharibi mwa Kenya, na wengi mnaonisoma mmezaliwa huko.

Kuanzia mwaka 2003, shule 328 za msingi ziligawanywa katika makundi kwa njia ya kura. Waliosimamia utafiti ni Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Duflo na Kremer baadaye, mwaka 2019, walikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika kundi moja, walimu walifunzwa vizuri kufundisha mtaala wa serikali kuhusu Ukimwi, ule uliokazia kujiepusha mpaka ndoa. Katika kundi lingine, watoto wa darasa la sita walipewa sare za shule bure, wakaahidiwa nyingine wakiendelea kubaki shuleni. Kundi jingine lilipata yote mawili, na jingine halikupata kitu.

Mnakumbuka mwaka huo. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure, lakini sare ilikuwa bado ni juu ya mzazi. Na mtoto asiye na sare anaona aibu, anarudishwa, mwishowe anabaki nyumbani.

Matokeo? Mafunzo ya walimu peke yake hayakupunguza mimba. Sare peke yake ilipunguza. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13.

Mtu atasema, "Pastor, hiyo ni asilimia tatu tu." Ndugu yangu, chukua wasichana 100 wa shule yenu ya mtaani. Watatu wasingekuwa wamebeba mimba. Waite kwa majina. Mmoja ni wa dada yako. Sasa niambie ni "tu".

Na kitambaa chenyewe hakikuhubiri. Hakikuwa na maombi wala upako. Kilimfanya binti aamke asubuhi akiwa na mahali pa kwenda, na kesho ya kuogopa kuipoteza. Basi.

Fungua Yakobo sura ya 2, anza mstari wa 15. Mtumishi wa Mungu anamzungumzia mtu asiye na nguo na asiye na chakula, anayeagwa kwa maneno matamu ya baraka na kuachwa vile vile alivyokuja. Anauliza faida yake ni nini. Nimelisoma fungu hilo miaka mingi, na sijui fungu jingine linaloeleza vizuri zaidi kinachompata msichana maskini anayekuja kwenye semina zetu. Tunamwambia awe safi, tunamwekea mikono, tunampa kadi, na anaondoka na ile sketi iliyochanika aliyokuja nayo.

3. UKWELI WA DAKIKA 40

Wengine mtasema, basi tuache kufundisha kabisa? La hasha. Kufundisha kunasaidia, kama tunafundisha ukweli ambao mtoto anaweza kuutumia.

Katika eneo hilohilo la magharibi, Pascaline Dupas alijaribu jambo dogo sana mwaka 2004, katika shule 71. Mtu aliingia darasa la nane, akakaa dakika 40. Aliwaonyesha wanafunzi filamu fupi kuhusu wasichana na wanaume wakubwa wenye pesa, kisha akawaeleza kwa takwimu kwamba wanaume wakubwa wana maambukizi ya Ukimwi kuliko wavulana wa rika lao. Aliondoka. Mimba zilipungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na shule ambazo hazikupata somo hilo.

Sitawadanganya, maana mchungaji akidanganya kwa ajili ya hoja nzuri bado amedanganya. Si wasichana wote waliobaki wasafi. Wengine waliacha wanaume wakubwa wakabaki na wa rika lao, na kujikinga kukaongezeka. Hilo silisherehekei madhabahuni. Lakini sikilizeni lile linalotuhusu: watoto hawa hawakuwa wajinga wala wakaidi. Walikuwa hawajaambiwa. Walidhani mtu mzima mwenye kazi, mwenye pikipiki na shati lililopigwa pasi, ndiye salama. Walipojua, walimkimbia.

Sasa jiulize, mama, wewe unayesoma haya: binti yako ameambiwa? Nani alimwambia? Kama hukumwambia wewe, anafundishwa na simu yake, na yule anayemtumia bando.

4. NYERI NA SAMBURU

Ndugu mmoja aliniandikia kwamba tatizo ni kushuka kwa hali ya kiroho. "Tukirudi kwenye maombi, mimba zitaisha." Naamini maombi kuliko naamini chakula. Lakini tuulizane kwa upole.

Utafiti wa serikali wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 18, kwa hiyo tumesogea, na namshukuru Mungu. Lakini angalia kaunti kwa kaunti. Samburu ni asilimia 50. Pokot Magharibi 36. Marsabit 29. Narok 28. Meru 24. Homa Bay na Migori 23 kila moja. Nyeri na Nyandarua ni asilimia 5.

Je, mabinti wa Nyeri wanaomba mara kumi kuliko mabinti wa Samburu? Meru imekosa makanisa? Homa Bay haina makesha? Mnajua kwamba sivyo. Utafiti huohuo unaonyesha kwamba katika familia maskini zaidi, asilimia 21 ya wasichana hao wamewahi kupata mimba, na katika familia zenye uwezo zaidi ni asilimia 8. Wasiokwenda shule kabisa ni kama wanne kati ya kila kumi. Waliopita shule ya upili wakaendelea mbele ni asilimia 5.

Shule ni ukuta, wapendwa. Nehemia aliposikia ukuta umebomoka alilia, akafunga, akaomba. Kisha akaomba mbao. Soma Nehemia sura ya 2, utaona aliomba mfalme barua ya kupewa mbao. Sisi tumebaki kwenye kulia, tukasahau mbao.

Na ukuta huo ulipobomoka tuliona. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Watafiti waliowafuatilia wasichana wa shule za upili magharibi mwa Kenya walikuta kwamba wale waliokaa nyumbani miezi ile sita walikuwa katika hatari mara mbili ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo, ukilinganisha na waliowatangulia. Watoto ni wale wale, na mitaa ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba lango la shule lilifungwa.

Ndiyo sababu likizo ndefu inanikosesha usingizi, na ndiyo sababu sitaki tuitumie wiki yake ya kwanza kupiga picha.

5. NA MWANAMUME YUKO WAPI?

Hapa ndipo nitakapowaudhi wengine, na niko tayari.

Mimba haiji na upepo. Kila mpango unaozungumza na msichana peke yake umemhukumu nusu ya mwenye kesi, na kwa kawaida ni nusu iliyo dhaifu. Katika makanisa mengi binti akipata mimba anasimamishwa kwaya, anaketishwa kiti cha nyuma, jina lake linasomwa. Aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda.

Soma Mwanzo 38. Yuda alipoambiwa kwamba mkwewe Tamari ana mimba, aliamuru atolewe nje achomwe moto. Alikuwa mkali sana kwa dhambi, mpaka mwanamke alipotoa muhuri, kamba na fimbo ya mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda mwenyewe. Nimeketi katika vikao vya wazee ambapo nilitamani mtu alete fimbo hiyo.

Kisha soma 2 Samweli 13, habari ya Tamari mwingine, binti wa Daudi. Alinajisiwa na ndugu yake. Mfalme aliposikia alikasirika sana. Halafu? Hakuna. Mfalme aliyemwangusha Goliathi alikasirika tu. Absalomu akamwambia dada yake anyamaze. Yule binti akakaa ukiwa, na nyumba ya Daudi haikupata amani tena. Familia inayomaliza mambo kimyakimya haimalizi kitu. Inayahifadhi.

Nataka kila mzazi ajue sheria ya nchi hii. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kufanya naye ngono ni unajisi. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 na 17, kisichopungua miaka 15. Kesi hiyo ni ya Jamhuri. Si ya baba wa binti kuiuza kwa mbuzi watatu na blanketi, wala si ya chifu kuizima, na nasema mbele za Mungu kwamba si ya mchungaji kuisuluhisha ofisini.

Kuna wavulana pia, wenzao wa darasani, waliopotoka pamoja nao wakiwa watoto. Hao ni wetu kuwalea na kuwarudi, na watafundishwa hapa kama wasichana. Lakini mtu mzima anayevizia mtoto simwiti aliyeteleza. Mtu huyo ni mwindaji, na asitegemee hema letu kuwa kichaka chake. Awe mshirika mpya au mtoaji mkubwa wa sadaka, ofisi hii itampeleka polisi.

6. MMENIAMBIA, NAMI NAWAJIBU

"Pastor, sare ni kazi ya serikali." Kweli serikali ina kazi yake, na pale ilipofanya kazi hiyo tumeona tunda. Familia zilizopokea pesa zake za kutunza yatima na watoto walio katika hali ngumu zilionekana, zilipochunguzwa, kuwa na mimba chache kwa wasichana wao. Lakini mtoto anayeketi mstari wa tatu katika shule yetu ya Jumapili hawezi kungoja bajeti isomwe. Msamaria hakuuliza barabara ya Yeriko iko chini ya kaunti gani.

"Wasichana wa siku hizi wanajitakia." Wako wakaidi, ndiyo, kama walivyokuwa wakaidi wa siku zetu. Lakini msichana anayelala na mtu ili apate sodo za mwezi hajajitakia. Amenunua kitu kwa bei ya mwili wake kwa sababu hakuna aliyekinunua kwa shilingi. Ukijua hivyo ukaendelea kumsema, wewe ndiye unayetaka maombi.

"Ukimsaidia aliyepata mimba kurudi shule, unawafundisha wengine kwamba ni sawa." Nchi hii iliruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni tangu mwaka 1994, na mwongozo wa mwaka 2020 ukarudia na kueleza utaratibu. Serikali isiyodai kuwa imeokoka imefungua mlango. Kanisa lililookolewa kwa neema liufunge? Aliyejifungua akiwa na miaka 15 akaachwa nyumbani, mimba ya pili haiko mbali. Kumrudisha darasani ndiko kuizuia.

"Kwa hiyo semina ya vijana imekufa?" Haijafa. Tutahubiri, tutaomba, tutawaita watoke mbele, na Roho Mtakatifu atafanya yake. Lakini tutaiita kwa jina lake: ibada. Hatutaiandika katika ripoti kama mpango wa kuzuia mimba, kisha tukalala.

7. TUTAKACHOFANYA KUANZIA JUMAPILI IJAYO

Moja. Idara ya kina mama itapita nyumba kwa nyumba kuandika kila mtoto wa ushirika huu, msichana na mvulana, ambaye Januari yuko hatarini kutorudi shule. Tunataka kujua kinachomzuia hasa. Sare? Viatu? Salio la karo? Kulea wadogo zake? Orodha haitasomwa madhabahuni. Aibu si sehemu ya mpango huu.

Mbili. Pesa za sherehe ziko kwa mhazini, na atatoa hesabu kwa risiti mbele ya kanisa lote mwisho wa Januari. Mafundi cherehani wa hapa ushirikani watashona sare. Wanaotaka kuongeza, mlango uko wazi. Ukipanga kumnunulia mhubiri mgeni soda, mnunulie mtoto soksi.

Tatu. Kila Jumamosi ya likizo, asubuhi mpaka saa nane, ukumbi utakuwa wazi: marudio ya masomo, michezo, uji. Wauguzi wawili washirika wetu watawaeleza wasichana na wavulana ukweli wa mwili, wa mimba, wa Ukimwi, na wa wanaume wakubwa wanaotoa zawadi. Wazazi mnakaribishwa kuketi nyuma mkasikia kila neno. Hakuna siri.

Nne. Kila anayehudumu na watoto hapa, kuanzia mimi, hataketi na mtoto faraghani mlango ukiwa umefungwa. Mtoto akisema ameguswa, anaaminiwa kwanza. Anapelekwa hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafanya kazi ndani ya muda huo. Msimwogeshe, msifue nguo zake. Kisha polisi, na mhakikishe mmepewa nambari ya OB. Simu ya watoto ni 116, ya bure. Ya dhuluma za kijinsia ni 1195, ya bure pia. Andika nambari hizo ukutani jikoni, karibu na kalenda ya kanisa.

Tano. Mwakani wakati kama huu tutahesabu. Wangapi walirudi shule? Wangapi walibaki mpaka muhula wa tatu? Wangapi walipata mimba? Kama tunda halipo, nitasimama mbele yenu tubadilishe njia. Mkulima halipendi jembe kuliko mavuno.

Mzazi, usingoje Jumapili. Leo jioni zima televisheni. Keti na binti yako, keti na mwanao. Muulize nani humpa pesa, nani humtumia ujumbe usiku, Januari anakosa nini. Usimkemee kabla hajamaliza. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini leo bado yako mtungini.

Tuombe.

Baba, tunakuletea mabinti wa kanisa hili na wana wa kanisa hili. Wewe unawajua hata wale ambao sisi tumewapita mlangoni bila kuwaona. Tupe macho ya kuwaona, mikono isiyofumbata, na ujasiri wa kumtaja mwovu hata akiwa ameketi kiti cha mbele. Linda njia zao za kwenda mtoni, dukani na shuleni. Wale walioumizwa, wainue. Wale waliojifungua wakiwa watoto, wape siku mpya. Utuepushe na dini ya maneno matupu. Katika jina la Yesu, amina.

Kama una sare iliyomtosha mwanao mwaka jana na mwaka huu haimtoshi, ifue, ikunje, uje nayo Jumapili. Mtumie mzazi mmoja ujumbe huu.

Neema na amani viwe nanyi.

Mchungaji wenu.